Gari inavuma buuu ndani: kabla hujaibandika mashiti, mtafute anayepiga ngoma

Kuna kelele za gari ambazo ukizisikia tu unajua hii ni nini, brekipedi zimeisha zinakwaruza, mkanda unapiga filimbi, shokapu inagonga ko ko ko kwenye mashimo. Halafu kuna ile moja ambayo hata kumweleza fundi unashindwa, unabaki unachomoa midomo "inafanya buuuuu", fundi anakuangalia tu. Hiyo huisikii sana, unaihisi zaidi, yani kama mtu kakuwekea viganja masikioni anabana anaachia, ukikaa nayo masaa mawili barabarani unashuka kichwa kizito na huelewi kwanini. Na ukipunguza mwendo kidogo inapotea, ukiongeza kidogo inapotea, ukirudi pale pale na yenyewe hiyoo imerudi.

Hachibaki, zile gari ambazo mlango wa buti unafunguka pamoja na kioo cha nyuma, ndo zinasumbuka zaidi na hili tatizo, na sio kwa bahati mbaya. Chukulia ngoma. Ngoma ina mzinga, ina ngozi, na ina mtu anayeipiga. Sasa gari ya sedani buti lake limetengwa, kuna ukuta wa bati na siti nyuma yako halafu ndo buti. Hachibaki haina huo ukuta, kuanzia kioo cha mbele mpaka mlango wa buti ni chumba kimoja, huo ndo mzinga. Na huko mwisho kuna bati kubwa lenye kioo, limeshikwa na bawaba mbili juu na kitasa kimoja chini, pembeni linaegemea raba tu, hiyo ndo ngozi. Mpigaji anaweza kuwa injini, ekzosi, tairi, au barabara yenyewe. Mzinga upo siku zote na ngozi ipo siku zote, gari ikiwa mpya unakuta wameshahakikisha mpigaji hapigi kwa mdundo ule ambao ngozi na mzinga vinaupenda. Miaka ikipita raba zinakauka, kitu kinalegea, mdundo unahama, ngoma inaanza kulia.

Mzinga una mdundo wake kabisa na unaweza kuukokotoa. Sauti inakwenda kama mita 343 kwa sekunde kwenye hewa ya kawaida, gawa kwa mara mbili ya urefu wa chumba. Chumba cha mita 2.5 kinakupa karibu hezi 68, yani mitetemo 68 kwa sekunde. Kitu chochote kwenye gari kikitetema karibu na hapo hewa ya ndani inaitikia yenyewe, inasukumwa mbele na nyuma kama maji kwenye beseni ukilibeba unatembea. Ndo maana abiria wa nyuma anaweza kulalamika kelele na dereva akasema mbona mi sisikii kitu, wote wawili wakawa wakweli, kwasababu kwenye ncha za chumba presha inakuwa kubwa na katikati inakuwa ndogo.

Sasa kosa ambalo mimi nilifanya na naona watu wengi wanalifanya. Gari yangu ilikuwa inavuma ikifika 1,900 kwenye RPM, yani mizunguko ya injini kwa dakika, nikaenda kununua mashiti ya kuzuia sauti, nikafungua milango yote minne, siku mbili nzima nabandika nakata vidole kwenye ile alminiamu, nikaongezea na sponji juu. Milango ikawa inafunga "dup" kama ya gari ya bei mbaya, raha kabisa. Nikatoka barabarani, 1,900 buuuu. Pale pale, kwa ukali ule ule.

Ukijua hesabu zake wala hushangai. Injini ya silinda 4 inalipua mara mbili kila mzunguko, kwahiyo chukua RPM gawa kwa 30 unapata hezi. 1,900 ni kama hezi 63. Wimbi la sauti ya hezi 63 lina urefu wa kama mita 5 na nusu. Sponji ili limeze sauti vizuri linatakiwa liwe nene walau kama robo ya hilo wimbi, sasa we una sponji la sentimita moja, wimbi linapita hata halijui kama kuna kitu hapo. Sponji na kapeti zinasaidia kelele za juu, zile shhhh za upepo na tairi, na hapo unaweza hata ukajikuta umeharibu zaidi, ukizipunguza zile za juu mvumo unabaki peke yake unasikika waziwazi kuliko mwanzo.

Kwahiyo anza na kumtafuta mpigaji. Na hii haihitaji mashine, inahitaji barabara tupu, mtu wa kukaa nawe kwenye gari, na subira kidogo.

Swali la kwanza kabisa: mvumo unafuata injini au unafuata mwendo? Simamisha gari mahali pa wazi, sio ndani ya gereji imefungwa, ikiwa imepasha moto ikanyage taratibu sana kutoka 1,000 mpaka 3,500, taratibu kama unamimina mafuta kwenye chupa. Ikivuma kwenye RPM ile ile unayoijua ukiwa barabarani basi umemaliza nusu ya kazi, ni injini au ekzosi au kinachozishika, tairi hazihusiki maana hazijazunguka hata. Isipovuma bado usiitoe injini kwenye kesi, kwasababu ikiwa imesimama haibebi mzigo, mauntingi, zile raba zinazoshika injini kwenye bodi, hazijavutwa. Toka nayo. Ikianza kuvuma, mfano kwenye 80 gia ya tano, shika mwendo ule ule lakini shusha gia ya nne. Ikipotea inafuata injini. Ikibaki vile vile inafuata magurudumu. Halafu ikiwa inavuma kanyaga klachi, au kama ni automatiki peleka N kwa sekunde chache, injini ishuke sailensi, ile RPM ya chini ukiwa hujakanyaga mafuta, huku gari inaserereka, unasikiliza. Naomba hapa usije ukazima injini, usukani utakuwa mzito na breki haitakuwa na nguvu, na usiguse kabisa P wala R.

Hapo unapata jibu la tatu pia ambalo watu hulisahau: inavuma ukikanyaga tu na ukiachia mafuta inanyamaza hapo hapo, mwendo ule ule RPM ile ile. Hiyo ni mzigo, na mzigo unanong'ona mauntingi au sivi jointi ya ndani, kile kiungo cha drafshafti upande wa giaboksi.

Simu inasaidia sana. Kuna programu nyingi za bure zinazochora sauti kwa hezi, shika simu mkononi karibu na sikio, usiiweke kwenye dashibodi maana itachukua mtetemo wa plastiki, mwenzako aangalie ule mnara mrefu kuliko yote uko wapi. Ukipata mnara kwenye 63 na RPM ni 1,900 hesabu imekubali, silinda 4. Kwa injini ya silinda 3 unagawa kwa 40, kwahiyo 2,000 inakupa hezi 50. Kuna mtego mmoja hapa, programu nyingi za kupima desibeli zimewekwa kwenye kichujio cha A, hicho kimetengenezwa kufuata sikio na kwenye hezi 50 kinapunguza kama desibeli 30. Yani kelele inayokuumiza kichwa ndo hiyo hiyo kipimo kinaificha. Mtu anakuja na simu yake anakwambia gari yako iko kimya kabisa hata kuliko yangu, na kwa namba yake hadanganyi. Weka C au Z ndo upime.

Halafu tumia kichwa chako, kwa maana ya kichwa chenyewe. Abiria ndo afanye hivi sio dereva. Ikivuma ainame mbele mpaka karibu na dashibodi, kisha arudi katikati ya siti, kisha aegemee nyuma kabisa. Sauti ikibadilika sana kwa kusogea hivyo, ile hewa inayocheza kama maji ya beseni ndo inahusika. Isipobadilika popote, na ukishusha kioo vidole viwili inabadilika au inakufa, mara nyingi ni mlango wa buti unapampu hewa yote kwa pamoja, na hiyo huwa iko chini zaidi, hezi 30 hadi 50 huko. Usichanganye na ile ya ukishusha kioo cha nyuma peke yake kwenye mwendo inafanya wup wup wup wup, ile ni upepo tu, ni kama kupuliza mdomo wa chupa, fungua na kioo kingine cha mbele inaisha, gari yako haina shida.

Haya, tuseme ni injini. Mi naanza na mauntingi kila siku, kwasababu kazi yake ndo hiyo, kuzuia mtetemo usifike kwenye bodi. Mwenzako akae ndani akanyage breki kwa nguvu, aweke D, we angalia injini kwa pembeni sio mbele ya gari, aongeze mafuta kidogo tu, kisha R, kidogo tu. Injini ikiruka kama inataka kutoka kuna mauntingi imekatika. Ile ya chini inayozuia injini isijipinde ndo huwa inaenda kwanza na ndo watu hawaiangalii maana haionekani kwa juu. Dalili nyingine, kwenye sailensi ukiwa D gari nzima inatetemeka, ukiweka N inatulia. Zile zenye mafuta ndani zikipasuka zinaacha doa jeusi la unyevu chini yake. Na ukibadilisha, angalia ulaini wa raba. Kuna za bei rahisi raba yake ngumu kama kwato, utafunga mpya na gari itavuma kuliko ilivyokuwa na ile iliyokatika, na wale wanaomwaga poliyurethani kwenye mauntingi ili gari iwe "taiti" wajue kabisa wanachonunua ni mvumo.

Kingine ambacho hakikugharimu hata senti: baada ya kazi yoyote ya kushusha injini au giaboksi, mauntingi zinaweza kukazwa zikiwa zimejipinda, zimebanwa upande. Legeza bolti zake kidogo bila kuzitoa, tikisa injini ikae inapotaka kukaa, kaza. Magari kadhaa nimeona yananyamaza kwa hilo tu.

Ekzosi nayo ni hivyo hivyo. Inaning'inia kwenye raba, na raba zikikatika au zikikauka inashuka au inaegemea bodi, bomba likigusa bati hata sehemu ndogo kama ukucha basi injini imepata simu ya moja kwa moja mpaka kwenye sakafu yako. Ikiwa imepoa ingia chini, tikisa bomba huku na huku, utasikia inapogonga, na pitisha tochi utafute mahali bati limeng'aa kwa kusuguliwa, hapo hapana ubishi. Kumbuka bomba linarefuka likipata moto, kwahiyo nafasi ya upana wa karatasi ikiwa baridi haitoshi. Na kama mtu alikata ile sailensa ya katikati akaunga bomba tupu ili iungurume, basi usitafute mchawi. Hapo wachomeleaji wanaojua huwa wanachomea bomba la pembeni lililozibwa mwisho, urefu wake umehesabiwa kwa hezi ya mvumo, sauti inaingia inarudi inaikuta nyenzake imegeuka na zinauana. Kwa hezi 80 hilo bomba linaweza kufika mita moja na zaidi, maana kwenye gesi ya moto sauti inakimbia zaidi, kwahiyo sio kila gari ina nafasi ya kulificha.

Kabla sijaacha ekzosi: inayovuja ukiunganisha na mpira wa mlango wa buti ulioisha ni hatari, moshi unavutwa ndani kutokea nyuma na ile kaboni monoksaidi, gesi ya sumu, haina harufu. Kwa sababu hiyo hiyo usijaribu kamwe kuendesha na buti wazi eti unapima kama mvumo utaondoka.

Vingine vya injini napita haraka. Injini inayomisi itavuma chini kabisa na utaihisi kwenye kiti, angalia plagi na koili. Boksi la hewa lililofungwa nusu au lililotolewa yale makopo ya pembeni yasiyoonekana kuwa na kazi, yale makopo ndo kazi yake hiyo, kuua mvumo wa kuvuta hewa. Na kuna vile vipande vya chuma vizito vimeshikwa na raba, unavikuta kwenye drafshafti au kwenye ekzosi au hata ndani ya mlango wa buti, fundi anavitoa anaona ni uchafu. Vile vimepimwa uzito vitetemeke badala ya bodi. Ukikuta bolti mbili tupu mahali ambapo kwenye gari kama yako kuna kipande cha chuma, umeshampata mchawi wako.

Kama jibu lilikuwa magurudumu, hesabu inabadilika. Tairi la kawaida la hachibaki mzunguko wake ni kama mita 1.9, kwenye kilomita 100 kwa saa linazunguka mara 14 au 15 kwa sekunde. Hezi 14 husikii, unahisi kwenye usukani, ndo ile ya kubalansi. Mvumo unaousikia unatokana na vitu vinavyojirudia mara nyingi kwenye mzunguko mmoja, na kikubwa ni tairi lililokula kwa mawimbi. Pitisha kiganja juu ya tairi kwenda mbele kisha kurudi nyuma, upande mmoja ukiwa laini na mwingine unakwaruza kama msumeno ndo hilo, na halikuja lenyewe, limeletwa na shokapu au alaimenti. Hamisha tairi za nyuma ziende mbele, mvumo ukihama au ukibadilika sauti umejua. Beringi yenyewe inavuma ikikua na mwendo, na ukiyumba taratibu kushoto inaongezeka kulia inapungua au kinyume chake, kwasababu uzito unahamia upande mmoja. Upepo ukizidi pia, tairi linakuwa gumu kama mpira wa kikapu, linapeleka kila kokoto ndani. Mi huwa naanza na upepo kwasababu ni dakika tano.

Kuna mvumo ambao haujali gia wala mwendo, unajali lami. Lami laini kimya, lami ya kokoto kubwa ngurumo. Hapo barabara inatikisa bushi za ekseli ya nyuma, ekseli inatikisa sakafu, sakafu inatikisa mlango wa buti. Ndo tumefika kwenye ngozi.

Kwenye gari yangu mauntingi ya chini ilikuwa imekatika kweli, nikabadilisha, mvumo ukapungua labda nusu. Nusu iliyobaki ikanisumbua mwezi mzima. Siku moja nikamwambia mdogo wangu aingie kwenye buti akae, gari imesimama, mi nikashika 1,900. Akaweka kiganja kwenye kava la ndani la mlango, chini ya kioo, akasukuma nje. Kimya. Akaachia, buuu. Akabana, kimya. Ni ngoma kabisa, mtu kaibana ngozi kwa kiganja. Tukacheka kwanza, mwezi mzima namlaumu kila mtu na kitu chenyewe kinazimwa na mkono wa mtoto wa shule.

Pembeni mwa mlango wa buti, kulia na kushoto, kuna vile viraba viwili ambavyo mlango unaegemea ukifungwa. Nyingi zinazunguka kama skrubu, zinatoka na kuingia. Za kwangu moja ilikuwa imezama na imekauka ina ng'aa juu, yani mlango haukuwa umeegemea kitu upande huo, umeshikwa na kitasa na hamu tu. Pima hivi, chukua kipande cha karatasi, weka juu ya raba, funga mlango, vuta. Kikitoka kirahisi raba haifanyi kazi. Izungushe nje raundi moja, jaribu tena, mpaka karatasi ivutwe kwa shida na mlango bado ufunge bila kuupiga kwa hasira. Fanya hivyo hivyo kwenye mpira wa kuzunguka mlango wote, kila baada ya shibiri moja. Kama ukikaza raba bado mlango una mchezo basi kile chuma cha kitasa kwenye bodi kina bolti mbili, legeza, sogeza ndani milimita moja tu, kaza. Weka alama ya kalamu kwanza kabla hujalegeza, mi sikuweka nikahangaika jioni nzima.

Sehemu nyingine za ngozi ni sakafu ya buti pale panapokaa tairi la akiba, ukilitoa tairi umeiacha sahani kubwa ya bati wazi, rudisha na ulikaze. Na paa, chini yake kuna fito zilizounganishwa na bati kwa gundi, gundi ikikauka paa lote linakuwa huru, ukibonyeza kwa vidole linazama na kurudi.

Sasa hapa, mwishoni kabisa, ndo mashiti yana kazi. Sio ya sponji, yale mazito ya raba ya butili yenye alminiamu. Gonga bati kwa kifundo cha kidole, likilia "tong" bandika, likisema "tup" liache. Huna haja ya kufunika kila mahali, robo mpaka theluthi ya bati, katikati yake, inatosha, kinachofuata ni kuongeza uzito na kutumia hela. Safisha mafuta kwanza, bana kwa rola mpaka michirizi ilale, la sivyo litabanduka na kuanza kelele nyingine. Usizibe matundu ya maji chini ya milango, wala vile vifuniko vya kupumulia hewa nyuma ya bampa. Kwenye paa ukishusha kava jihadhari na eabegi za pembeni.

Na kama gari yako ni ya kisasa na ilianza kuvuma siku ile ile ulipofungiwa redio mpya au sabufa, acha yote niliyoandika. Baadhi zina maiki ndogo kwenye paa zinazosikiliza mvumo wa injini na spika zinatoa sauti ya kuua ule mvumo, ukibadilisha spika au ampu mfumo unachanganyikiwa unaanza kuongeza badala ya kupunguza. Chomoa soketi ya kiboksi cha huo mfumo ujaribu.

Yangu sasa hivi 1,900 iko kimya. Imebaki kwenye 1,300 gia ya tano nikipanda kilima kwa uvivu, hapo injini inalipua kama mara 43 kwa sekunde huku imekabwa na mzigo, hakuna mauntingi itakayomeza hiyo. Nashusha gia ya nne.